Somo: Pesa za amande zinaenda wapi?



Tunapoketi nanyi katika baraza, swali hili linarudi kila mara: «Tukilipa amande, nani anazikula?» Ni swali la amani. Mtu akiona kwamba haki inauzwa, anaacha tribunali na kujilipiza mwenyewe. Ndiyo sababu tumetayarisha somo hili.

1. Tutofautishe pesa tatu

Amande ni azabu, na ni mali ya Serkali, si ya polisi wala ya muamuzi. Tribunali ndiyo inaiamuru. Lakini kwa kosa ambalo muamuzi angetoza amande tu, OPJ naye anaweza kumwalika mtu alipe kwenye Hazina ya Serkali ili mambo yaishe. Sheria ya tarehe 6/8/1959 juu ya mashitaka ya azabu inamruhusu. Huo ni mwaliko: mtu anaweza kukataa, kesi iendelee parke. Tena pesa hiyo haipashwi kupita kiwango cha juu cha amande kilichowekwa na sheria.

Kosio ni dhamana. Mtu anayengojea hukumu anaiweka kwa grefye ili aachiliwe kwa muda. Akiitika kila mwito na kutii hukumu, anarudishiwa.

Fidia ni ya aliyeumizwa. Tuseme watu wawili wamepigana kwenye bomba la maji, mmoja akavunjwa mkono. Tribunali inaweza kuamuru amande kwa Serkali na fidia kwa aliyevunjwa mkono. Kulipa amande hakufuti fidia. Magomvi mengi yanaanzia hapa: mkosaji anasema «nimekwisha kulipa», na aliyeumizwa hajaona hata franka moja.

2. Njia ya amande

Grefye ao parke inaandika deni. Kisha DGRAD, idara ya Serkali inayokusanya mapato ya tribunali na mengine yasiyo kodi, inatoa karatasi inayoitwa «note de perception». Mwenye deni analipa banki, kwenye hesabu ya Hazina, na anapewa risiti. Hakuna anayeruhusiwa kukata sehemu yake mezani.

Zikifika Hazina zinagawanywaje? Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inapashwa kukatwa palepale yanapopatikana. Kwa matendo, pesa zimekuwa zikipanda Kinshasa kwanza, na majimbo yanalalamika kwamba kinachorudi ni kidogo. Hivyo ofisi nyingi za polisi na tribunali zinakosa hata makaratasi, na mzigo unamwangukia aliye kasho. Tunaelewa sababu, lakini haifanyi jambo hilo kuwa haki.

3. Tufanye nini?

- Tuulize kwanza: ni amande, kosio ao fidia?
- Tudai karatasi na kuichunga. Bila risiti, hatuna namna ya kuonyesha kwamba pesa ilifika Hazina.
- Tukumbuke kifungu cha 18 cha Katiba: polisi haipashwi kumshika mtu zaidi ya masaa 48. Ikipita, anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Kutoka kasho hakuna bei.
- Asiye na uwezo aombe hati ya umaskini katika ofisi ya Affaires sociales, ili apunguziwe ao asamehewe gharama za kesi.
- Mahali vita vimefunga tribunali na banki, viongozi waandike kila malipo, kama usalama unaruhusu: tarehe, kiasi, sababu, mashahidi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kwetu, ni pesa gani kati ya hizi tatu inayoleta magomvi zaidi? Kwa nini?
2. Mkosaji akikwisha kulipa amande, tutamsaidia namna gani aliyeumizwa apate fidia yake?
3. Nani kati yetu anaweza kusindikiza familia ambayo mtu wake ameshikwa?