Safari ya Nyuzilandi: Mahali pa Sinema na Mlima wa Moto

Wanafunzi wa sasa, na ninyi mliokwisha kuondoka shuleni kama mimi, mhariri ameniomba niandike somo la jiografia lisilowatia watu usingizi. Basi nimechagua safari ya siku nne tuliyoifanya kwa motokaa katika Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi, nilipokuwa masomoni huko. Tulikuwa wawili, mimi na ndugu mmoja wa Kigezi. Shabaha yetu ilikuwa ya kitoto, siwafichi. Tulitaka kuona mahali palipopigwa sinema za The Lord of the Rings, kisha tuupande ule mlima wa moto ambao mwishoni mwa hadithi Pete hutupwa ndani yake. Mimi nilikuwa nimenunua pete ya shaba ya bei rahisi, na nilikusudia kuitupa humo.

Kwa wale wasioijua hadithi yenyewe, aliyeitunga ni J.R.R. Tolkien, profesa wa Kiingereza wa Oxford. Huyu alizaliwa Afrika yetu hii, katika mji wa Bloemfontein, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto mdogo. Kitabu kilitoka katika sehemu tatu, miaka ya 1954 na 1955. Baadaye Peter Jackson, mzaliwa wa Nyuzilandi, alikitengenezea sinema tatu, zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003, akazipiga katika nchi yake. Ya tatu ilipata tuzo 11 za Oscar. Tangu hapo watu wa kila taifa wamekuwa wakienda kisiwani kutafuta nchi ambayo Tolkien aliibuni kichwani mwake.

Tuliondoka Auckland alfajiri. Huko huendesha upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo hatukupata taabu. Mwendo wa saa mbili hivi, kama kilometa 160, ulitufikisha Matamata, nchi ya vilima vya majani na kondoo wengi kuliko watu. Mwaka 1998 watengenezaji wa sinema walikuwa wakizunguka angani kwa ndege wakitafuta mahali pasipo nyumba wala nguzo za umeme, wakaona shamba moja la kondoo lenye ziwa dogo na mti mkubwa. Wakazungumza na wenyewe, askari wa jeshi wakaja kutengeneza barabara, na kijiji cha wahobiti kikajengwa. Wahobiti ni watu wafupi wa hadithi hiyo, wanaoishi ndani ya vilima katika nyumba za milango ya mviringo.

Kijiji cha kwanza kilijengwa kwa mbao nyepesi na povu gumu, kwa kuwa kilikusudiwa kubomolewa. Kikabomolewa kweli, ila mvua ilizuia kazi isimalizike, na watu wakaanza kuja kutazama mabaki. Zilipotengenezwa sinema za kitabu cha The Hobbit, zilizotoka mwaka 2012 hadi 2014, kilijengwa upya kwa vifaa vya kudumu, na hicho ndicho tulichokiona. Mwaloni ulio juu ya nyumba ya Bilbo si mti. Umetengenezwa kwa mikono, na majani yake ni ya bandia. Nyuma ya milango mingi hamna kitu ila udongo.

Lakini jambo lililonipendeza ni la hesabu. Milango ile si ya kipimo kimoja. Mwingine ni mdogo, na mtu wa kawaida akisimama mbele yake huonekana jitu. Mwingine ni mkubwa, na mtu yule yule akisimama hapo huonekana kama mtoto. Tena wakitaka watu wawili waonekane wamepishana kwa kimo, humweka mmoja karibu na kamera na mwingine mbali, wakapanga meza na vikombe hata mtazamaji asiitambue ile nafasi iliyo kati yao. Jaribuni uwanjani kwa rafiki yenu na kichwa cha goli mtaelewa upesi. Mwenzangu alisimama kwenye mlango mdogo, akakataa kutoka mpaka nimpige picha sita.

Kutoka Matamata tulishuka kusini tukapita kando ya ziwa Taupo. Ziwa hilo, ambalo eneo lake ni zaidi ya kilometa za mraba 600, ni shimo lililoachwa na volkano iliyolipuka na kudidimia. Ukifika upande wake wa kusini waiona milima mitatu imejipanga: Tongariro, Ngauruhoe, na Ruapehu wenye theluji, ambao kwa mita zake 2,797 ndio mrefu kuliko yote ya kisiwa hicho. Ngauruhoe ni ule wa katikati, umechongoka kama pia iliyogeuzwa. Huo ndio uliotiwa katika sinema ukaitwa Mlima wa Maangamizi.

Mwenzangu aliposoma katika ramani kwamba kilele cha Ngauruhoe ni mita 2,287 alicheka. Akasema, "Ndugu yangu, kwetu Kigezi huko juu ndiko tulimako viazi." Na ni kweli, yako mashamba ya Kigezi yaliyo katika kimo hicho. Lakini Kigezi iko karibu na Ikweta, na mlima huu uko kwenye latitudo ya nyuzi 39 kusini, tena bahari haiko mbali na pepo zake hazina kizuizi. Hapo mita 2,000 si mita 2,000 za kwetu. Njia ya miguu ipitayo juu ya Tongariro, ya kama kilometa 20, zamani iliitwa Tongariro Crossing tu. Mwaka 2007 wenye kuitunza wakaongeza neno Alpine, maana watu walikuwa wakienda na kaptura na viatu vya mpira kana kwamba wanakwenda sokoni, wakaokotwa wamekufa ganzi.

Asubuhi tulipanda basi dogo la kuwapeleka wapandaji. Dereva alikuwa Mmaori, mzee wa makamo. Alitazama viatu vyetu kwanza, kisha nyuso zetu, akatuuliza kama tuna nia ya kuuacha mkondo wa njia na kukipanda kilele cha Ngauruhoe. Nikamwambia ndiyo, na kwa upumbavu nikamwonyesha pete. Hakukasirika. Alisema amekwisha kuonyeshwa nyingi. Halafu akatueleza, akiendesha polepole, kwamba kwa watu wake milima hii ni mababu, na kilele ni kama kichwa cha mtu mzima wa ukoo. Akauliza, "Huko kwenu, mgeni hukanyaga kichwa cha babu yenu?" Sisi tukanyamaza.

Baadaye nilisoma zaidi, nikaona kwamba hata watengenezaji wa sinema hawakuruhusiwa kupiga picha kileleni. Sehemu nyingi za mlima tuzionazo katika sinema zilipigwa kwenye mteremko wa Ruapehu, au zilifanywa kwa mifano midogo na kompyuta. Kwa hiyo mtu apandaye Ngauruhoe ili asimame pale aliposimama mhobiti, asimama mahali ambapo mhobiti hakufika. Wenyeji na watunza hifadhi wameomba watu wasipande, na ishara zilizoelekeza njia ya kileleni ziliondolewa. Kuna sababu nyingine pia: mteremko ule ni wa mawe yasiyoshikana, na jiwe moja likiponyoka huwashukia walio chini.

Wamaori wana hadithi yao ya milima hii, nami naona yapita ya sinema. Kuhani mkuu Ngatoroirangi alipopanda huko juu alishikwa na baridi ya upepo wa kusini hata akakaribia kufa. Akawaita dada zake walioko Hawaiki, ng'ambo ya bahari, wampelekee moto. Moto ukaja chini kwa chini. Ulitokeza kwanza kisiwani Whakaari, ukatokeza Rotorua, ukatokeza Taupo, na mwisho ukalipuka hapo alipokuwa, akapona. Tongariro maana yake ni kuchukuliwa na upepo wa kusini.

Sasa chukueni ramani ya atlasi yenu. Wekeni rula kutoka Whakaari, kisiwa kilicho baharini kaskazini-mashariki, mpaka Ruapehu. Rotorua na Taupo mtazikuta kando ya rula hiyo. Huo ndio ukanda wa volkano ambao wataalamu wa miamba waliuchora karne nyingi baada ya hadithi kusimuliwa. Na moto wenyewe kweli unatoka upande wa bahari. Bamba la ardhi lililo chini ya Bahari ya Pasifiki linajiingiza chini ya kisiwa, likichukua maji yaliyonaswa katika miamba yake. Huko chini kwenye joto kuu maji hayo hutoka na kupanda, na mwamba wa juu ukichanganyika nayo huyeyuka kwa urahisi zaidi.

Mwamba uyeyukao hivyo huwa mzito, wenye kunata. Hapa wenzetu wa upande wa Kongo watanielewa. Nyiragongo, ulio katika bonde la ufa, una lava nyepesi sana. Mwezi wa Januari 2002 ilitiririka kama mto ikaupasua mji wa Goma hadi ziwa Kivu, na mwaka 2021 ikashuka tena hadi kingoni mwa mji. Ya Nyuzilandi ni tofauti. Uji mwepesi ukichemka hububujika, hewa yake ikatoka. Ugali ukichemka hufunga hewa ndani, kisha hurusha tonge moto mkononi mwa mpishi. Ngauruhoe ni wa jamii ya ugali. Mlipuko wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1977.

Tulianza kutembea katika bonde la Mangatepopo. Kulia kwetu, mteremko wa Ngauruhoe ulikuwa na mikondo ya lava nyeusi, yenye kingo kali kama ya jana. Sehemu kubwa yake ilishuka katika mlipuko wa mwaka 1954 na 1955. Tazameni miaka hiyo tena: ndiyo ile ile ambayo kitabu cha Tolkien kilikuwa kikitoka London. Mlima ulikuwa ukitapika moto kwa ajili yake wenyewe, na mtungaji, ambaye hakufika Nyuzilandi maishani mwake, hakuwa na habari nao.

Baada ya bonde kuna ngazi ndefu, na hapo yule ndugu wa viazi aliacha kuzungumza. Juu yake ni uwanda uitwao South Crater, yaani Kreta ya Kusini, ambao si kreta hata kidogo, ni bonde tu lililozingirwa na vilima. Ndipo upepo ulipotukuta. Tulipanda ukingo wa Kreta Nyekundu tukiwa tumeinama kama wavunaji, mawingu yakipita chini ya mikono yetu. Wekundu wake ni wa chuma kilichoshika kutu kwa joto, na ardhi hapo ni moto ukiigusa kwa kiganja. Harufu ni ya kiberiti, kama mayai viza. Mteremko wa pili ni wa changarawe tupu, ukipiga hatua moja waenda tatu, na nusu ya watu walishuka kwa makalio, mimi nikiwa mmoja wao.

Chini kuna maziwa matatu madogo ya kijani, rangi yake ikitokana na madini yanayochujwa na maji ya moto kutoka Kreta Nyekundu. Mbele kidogo liko Ziwa la Buluu, ambalo ni tapu, yaani lina mwiko: haifai kula wala kunywa kando yake. Tulikuwa na njaa kali, tukalipita na mikate yetu ikiwa mfukoni. Upande wa Ketetahi tuliliona eneo la Te Maari, lililolipuka usiku wa tarehe 6 Agosti 2012 na kurusha mawe yaliyotoboa kibanda cha wapandaji. Kwa bahati hakuna aliyelala humo usiku ule. Whakaari hawakupata bahati hiyo. Tarehe 9 Desemba 2019 watalii na viongozi wao, jumla 47, walikuwa kisiwani ulipotokea mlipuko, na 22 kati yao wakafa.

Jambo jingine la kujifunza huko ni la kiraia. Mwaka 1887 mkuu wa kabila la Ngati Tuwharetoa, Te Heuheu Tukino wa Nne, aliona mahakama ya ardhi ikigawa nchi za Wamaori vipande vipande na kuuzwa. Ili vilele visikatwe viwanja, aliviweka mikononi mwa Malkia, na hapo ndipo ilipozaliwa hifadhi ya kwanza ya taifa ya nchi hiyo. Vitabu vingi husema alitoa zawadi. Lakini mwaka 2013 Baraza la Waitangi, ambalo husikiliza madai ya Wamaori juu ya serikali, lilieleza kwamba neno lake, tuku, lilikuwa mwaliko wa kuitunza milima pamoja, wala halikuwa la kuachia kabisa. Tafsiri ya neno moja imebishaniwa zaidi ya miaka mia. Wanaodharau somo la lugha wafikiri hapo.

Siku ya mwisho tulizunguka Ruapehu upande wa kusini tukasimama Tangiwai, mahali ambapo hapamo katika sinema yoyote. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1953 kingo za ziwa lililo katika kreta ya Ruapehu zilibomoka. Maji, tope na mawe vikashuka mtoni vikaliharibu daraja la reli dakika chache kabla ya treni ya abiria kutoka Wellington. Karani wa posta aitwaye Cyril Ellis aliikimbilia treni gizani akipunga tochi, dereva akafunga breki, lakini haikutosha. Walikufa watu 151, wengi wao wakienda makwao kwa Krismasi.

Ziwa lilijaa tena, na wataalamu wakawa wanalipima mwaka hata mwaka, wakaweka vyombo vya kutoa ishara. Tarehe 18 Machi 2007 kingo zikabomoka mara ya pili. Ishara ikalia, barabara zikafungwa, treni zikazuiwa, tope likapita chini ya daraja likaenda zake baharini. Hakufa mtu. Tulisimama pale mpaka treni ya mizigo ikapita juu ya daraja, mwenzangu akihesabu mabehewa. Pete ilikuwa bado mfukoni mwangu, na leo naitumia kushikia funguo.