Je, Gredi ya 8 Bado Wanahitaji Kucheza?

Swali: Nafundisha gredi ya 8 na silabasi haiishi. Mkuu wa shule akinikuta nimewaachia wanafunzi wacheze tu, nitamwambia nini?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, mwambie ni haki yao. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinataja mapumziko na michezo, na mtoto humo ni aliye chini ya miaka 18.

Kipindi ni dakika 40. Usikimege kila siku. Chagua kimoja kwa wiki, tuseme Ijumaa alasiri, utenge dakika 15 za mwisho. Weka kamba, karata, na ubao wa drafti na vifuniko vya soda. Kanuni mbili zatosha: hakuna kuumizana, hakuna kumtenga mtu. Usitoe alama wala kupanga makundi.

Mwanzoni watazubaa na kukuuliza wafanye nini. Nyamaza. Mmoja atapanga vifuniko, mwingine atalalamika ameibiwa kete, watabishana mpaka waafikiane. Hapo wanajifunza kujadiliana, na kushindwa bila kununa. Wewe angalia nani hana mwenzake.

Dakika hizo usizifute kama adhabu. Mtundu wa darasa ndiye huzihitaji zaidi.