Nepi za Kitambaa: Hesabu, Ndoo na Kamba ya Kuanikia

Chukua kalamu kwanza. Kitale na Bungoma wazazi wengi hununua pampasi moja moja dukani, na ndiyo maana gharama yake haionekani. Tuseme dukani kwako moja ni shilingi 20, na mtoto anatumia tano kwa siku. Hizo ni shilingi 100 kila siku, 3,000 kwa mwezi, na 73,000 mtoto anapotimiza miaka miwili. Kwa familia inayongoja mahindi yauzwe ndipo ilipe karo, pesa hizo ni nyingi mno kutupa chooni.

Sasa piga hesabu ya kitambaa. Nepi 24 zinatosha mtoto mmoja ukifua kila baada ya siku moja au mbili. Zikiwa shilingi 150 kila moja, utatumia 3,600. Ongeza kaptura ndogo nne za plastiki za kuvaliwa juu ya nepi, pini, na sabuni ya shilingi 200 kila mwezi. Hata ukinunua maji kwa mtungi, hutakaribia 73,000. Weka bei za kwenu mahali pa hizi zangu, uone mwenyewe.

Si lazima ununue nepi mpya. Pita kwenye mitumba mjini, au soko la Chwele siku ya soko, utafute taulo nyepesi, flana na shuka za pamba. Dondosha maji kidogo juu ya kitambaa: yakizama mara moja, chukua, yakiteleza, kiache. Fundi cherehani atakukatia miraba ya sentimita 60 hivi na kukunja kingo. Zifue kabla ya kumvalisha mtoto, na ukinunua mpya zifue mara mbili tatu, maana kitambaa kipya hakinyonyi vizuri. Unapofunga pini, weka vidole vyako kati ya nepi na ngozi ya mtoto.

Kufua ndiko kunakowatia watu hofu, kwa hiyo tuende polepole. Nepi ikichafuka, kung'uta kinyesi chooni hapo hapo. Wako wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara. Kinaweza kuwa na vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima. Suuza nepi, kisha iloweke katika ndoo yenye kifuniko. Kifuniko ni lazima, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kutumbukia hata katika maji machache. Fua kwa maji moto na sabuni, suuza mpaka povu liishe kabisa, kwani sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Hufanya kitambaa kisinyonye. Maji machafu yamwage chooni, mbali na kisima, na usifulie mtoni. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Baba naye ana mikono ya kufua.

Na masika je? Mvua ya Kitale naijua: nguo zinaweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka. Ongeza nepi sita kwa ajili ya miezi hiyo, na uchague kitambaa chepesi unachokikunja mara nne badala ya taulo nzito. Anika ndani penye hewa, mbali na moshi, halafu piga pasi pande zote. Pasi ya makaa inatosha. Kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, funza wakaingia katika ngozi ya mtoto, na moto wa pasi huua mayai hayo. Jua likitoka, nepi zote nje.

Badilisha nepi kila saa mbili au tatu, na mara moja mtoto akienda haja kubwa. Upele usipopungua kwa siku mbili tatu, au ukitoa usaha, mpeleke zahanati.

Safarini au usiku unaweza kutumia pampasi, hakuna ubaya. Lakini usiitupe katika choo cha shimo. Ni plastiki, haiozi. Hujaza shimo upesi na kuziba bomba la gari la kunyonya maji taka. Ukiichoma, moshi wake ni sumu. Ikiachwa mtaroni, mvua huibeba hadi Mto Nzoia, ipite Webuye kuelekea Ziwa Victoria. Mwaga kinyesi chooni, ikunje, uitie pamoja na taka zisizooza. Sheria ya taka ya 2022 inataka zitengwe na zinazooza.

Kitambaa nacho kina masharti. Utafiti wa serikali ya Uingereza wa 2008 ulionyesha kwamba faida yake kwa mazingira hutegemea ufuaji: anika kambani badala ya kukausha kwa mashine, na mtoto wa pili arithi nepi za wa kwanza. Kambani ndiko tunakoanika tangu zamani.

Usingoje upate zote 24. Nunua sita wiki hii, uzitumie mchana ukiwa nyumbani, na pesa za pampasi ulizookoa zinunue sita nyingine.