Insulini ya Ngamia na Maswali Mengine kutoka Isiolo

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa Isiolo wanaosoma biokemia ya protini na umetaboli chuoni, na kwa jamaa zao. Zinazouliza protini ni nini nimeziweka kando. Jibu limo katika kitabu chochote cha sekondari. Nimechagua zinazoudhi, na moja inayotia hofu.

Je, ni lazima tukariri asidi amino zote 20 na hatua zote za mzunguko wa Krebs?

Asidi amino, ndiyo, zote 20, pamoja na tabia ya kila moja: ipi inapenda maji, ipi inayakimbia, ipi ina chaji. Bila hayo hutaelewa kwa nini tripsini hukata mnyororo wa protini baada ya laisini na arjinini, huku kimotripsini ikitafuta zile zenye pete kubwa kama fenilalanini na tirosini. Mzunguko wa Krebs, uliotangazwa mwaka 1937, ni habari nyingine. Anayeyaandika majina yake yote bila kosa, lakini hawezi kusema alanini ya nyama ya mbuzi inaingilia mlango gani ikiwa mwili unahitaji nishati, hajajifunza umetaboli. Inaingia kupitia piruveti. Anza na milango, majina yatafuata.

Milinganyo ya Michaelis na Menten itamsaidia nini mtu atakayerudi kufanya kazi Merti?

Itamsaidia. Fanya mazoezi.

Tumesoma kwamba maziwa ya ngamia yana insulini. Mjini yapo yanayouzwa kama dawa ya kisukari, na wagonjwa wengine wameanza kupunguza sindano. Biokemia inasemaje? (Barua kadhaa zimeunganishwa hapa.)

Maziwa ya ngamia yana insulini, ni kweli. Ya ng'ombe pia yanayo, hata ya mama anayenyonyesha. Wauzaji wa uvumi hukomea hapo, na somo la protini linaanzia hapo hapo: kitu hicho kikishamezwa, kinafika wapi na kikiwa na umbo gani? Insulini ni protini ndogo yenye asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, iliyoshikanishwa kwa viungo vya salfa. Frederick Sanger alikamilisha kuusoma mfuatano wa asidi amino hizo mwaka 1955, na mwaka 1958 akapewa Tuzo ya Nobel. Kazi yote ya insulini inategemea umbo lake, kwa sababu kipokezi kilicho juu ya seli hulitambua umbo, hakisomi jina. Sasa imeze. Tumboni inakutana na asidi na pepsini. Ikiponea hapo, utumbo mwembamba unaisubiri kwa tripsini na kimotripsini, ambazo zinatoka kwenye kongosho lile lile linalotengeneza insulini ya mwili. Kinachopita kwenye ukuta wa utumbo ni asidi amino moja moja na vipande vya mbili au tatu. Ni kama mkufu wa shanga wa Kisamburu uliokatwa uzi: shanga zote zipo na zaweza kutungwa kitu kingine, ila mkufu wenyewe hakuna tena. Laisini iliyotoka kwenye insulini ya ngamia na laisini iliyotoka kwenye maharagwe zikishaingia kwenye damu, mwili hauzitofautishi.

Wapo wanaodhani sindano ya insulini ni ukaidi wa madaktari. Mgonjwa wa kwanza alidungwa insulini Toronto mwaka 1922, na tangu zama hizo watafiti wametamani kuibadilisha iwe kidonge, maana atakayefaulu atatajirika. Kinachowazuia ni huo utumbo tuliousoma. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kidonge cha semaglutidi, dawa ya kisukari aina ya pili ambayo ni peptidi ndogo kuliko insulini. Imeundwa kwa makusudi ili isikatwe upesi, imechanganywa na kemikali ya kuisaidia kupenya ukuta wa tumbo, na mgonjwa anatakiwa kuimeza kabla ya kula, kwa maji kidogo, kisha asubiri nusu saa. Pamoja na yote hayo, kinachofika kwenye damu ni takriban asilimia moja, pengine pungufu. Anayedai kwamba ngamia amelimaliza tatizo hilo ndani ya jerikani anapaswa kueleza amelimalizaje.

Baadhi yenu mmejaribu kueleza. Mnasema maziwa ya ngamia hayagandi tumboni, hivyo insulini hupita haraka kabla ya kuharibiwa. Ni kweli kwamba yanaganda kwa shida, kwa kuwa kapa-kaseini yake ni kidogo, na wanaotengeneza jibini wanalijua hilo vizuri. Lakini kupita tumboni haraka ni kuifikia kimotripsini haraka, nayo ndiyo mkataji mkuu wa insulini. Wengine mmetaja majaribio ya Bikaner, India, ambako wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza waliokunywa nusu lita kwa siku walihitaji insulini pungufu. Majaribio hayo yapo na si ya kudharauliwa. Jaribio la miaka miwili lililochapishwa mwaka 2011 lilikuwa na wagonjwa 24 tu katika makundi mawili, na maziwa yaliongezwa juu ya matibabu chini ya uangalizi wa madaktari waliorekebisha dozi kwa vipimo. Hata kama maziwa yana faida fulani, huenda inatokana na vipande vya protini vinavyozaliwa wakati wa kumeng'enywa, na hilo linastahili utafiti mkubwa zaidi. Halithibitishi kwamba insulini ya maziwa inafika kwenye damu nzima nzima.

Hoja nzuri kuliko zote imetoka kwa mwanafunzi wa Garbatulla: ikiwa protini hubomolewa, ndama wa ngamia anapataje kingamwili kutoka kwenye dang'a? Anazipata kwa sababu utumbo wa ndama mchanga huruhusu protini nzima kupita kwa muda wa takriban siku moja, kisha mlango unafungwa. Dang'a yenyewe hubeba vizuizi vya tripsini. Mtoto wa binadamu hupata sehemu kubwa ya kingamwili zake za damu kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Mzee wa miaka sitini si ndama wa siku moja.

Kinachotia hofu ni hiki. Katika kisukari aina ya kwanza, insulini ikikosekana, tishu za mafuta huachia asidi za mafuta bila breki na ini huzigeuza kuwa ketoni, hadi damu inakuwa na asidi. Mgonjwa hutapika, hupumua kwa nguvu, hupoteza fahamu, na anaweza kufa katika siku chache. Maziwa anywe akipenda. Sindano asiiguse bila daktari.

Je, supu ya kongoro hujenga upya gegedu la magoti?

Rudia jibu lililotangulia, weka kolajeni mahali palipoandikwa insulini.

Wazee wanasema kuchemsha maziwa kunaua protini yake, hivyo tuyanywe mabichi. Ni sawa?

Si sawa, na kosa hili limewalaza watu wengi kwa homa na maumivu ya viungo ya miezi. Joto hufungua mikunjo ya protini. Halikati viungo vya peptidi vinavyoshikanisha asidi amino. Protini iliyofunguka hupoteza kazi yake ya awali, ila lishe yake inabaki, na mara nyingi vimeng'enya huikata kwa urahisi zaidi. Asidi ya tumbo ingeifungua hata hivyo, kwa hiyo unayehurumia mikunjo ya protini kwenye sufuria umechelewa kidogo tu. Anayekufa kwenye sufuria ni Brucella, bakteria wa bruselosi. Vitamini C hupungua kiasi, na hiyo ndiyo hasara halisi. Chemsha.

Mhadhiri alisema Waafrika wazima hawawezi kumeng'enya laktosi. Mbona sisi wafugaji tunakunywa?

Ama mhadhiri alisema vibaya, ama mlisikia nusu. Watu wazima wengi duniani hupunguza utengenezaji wa laktesi, kimeng'enya kinachokata laktosi (sukari ya maziwa), baada ya utotoni. Katika jamii zenye historia ndefu ya ufugaji, wengi huendelea kuitengeneza. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo kutoka Kenya, Tanzania na Sudan yakionyesha mabadiliko ya DNA karibu na jeni ya laktesi, tofauti na lile la Ulaya. Lililoenea zaidi Kenya na Tanzania ni lile la nafasi ya 14010, wakati lile la 13915 limeenea Uarabuni na limehusishwa na ufugaji wa ngamia. Uteuzi asilia umefika kwenye jibu lile lile zaidi ya mara moja. Asiye na badiliko hilo na anayevimbiwa ajaribu suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, kwani bakteria wa kuchachusha huwa wamekula sehemu ya laktosi.

Kumbukeni pia kwamba laktesi imekaa kwenye ukuta wa utumbo na kazi yake inaishia hapo hapo. Haihitaji kuingia kwenye damu. Kwa hiyo vidonge vya laktesi hufanya kazi na vya insulini havifanyi, na wale mlioandika kwamba hapa pana ukinzani mmejibiwa.

Mama mkwe ana kisukari aina ya pili. Ameambiwa anywe lita mbili za maziwa ya ngamia kila siku kwa kuwa hayana sukari. Tumwambieje?

Mwambieni kwa adabu kwamba aliyemshauri hajui kuhesabu. Laktosi katika maziwa ya ngamia haipishani sana na ile ya ng'ombe, kama gramu 45 kwa lita. Lita mbili ni gramu 90 za sukari, na laktesi ikishafanya kazi yake nusu ya hizo huwa glukosi. Kikombe kimoja pamoja na chakula hakina ugomvi na wataalamu wengi. Yule anayemnunulia maziwa ampeleke kliniki ya kisukari katika hospitali ya rufaa ya kaunti, apimwe sukari kabla ya kunywa na saa mbili baadaye, na dawa zake aendelee nazo.