Mgeni wa Darasani Asikushikishe Jembe

Vidokezo 8 kwa walimu, wazazi na klabu za mazingira

Kona ya sayansi ni raha ya darasa. Samaki dirishani, konokono kwenye ndoo, ua la majini kwenye karai, na watoto wakigombania zamu ya kulisha. Kasheshe huanza siku ya kufunga shule. Mwalimu ana safari, mlinzi kasema yeye halishi samaki, ndipo mwenye huruma mmoja anapotoa wazo: "Si tukawaachie tu mtoni?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa namna hii hashiki jembe la mtu. Akishazoea mazingira, utalishika wewe, na wajukuu wako watapokezana. Ili tusifike huko:

1. Panga kwaheri kabla ya karibu. Kabla kiumbe hajavuka mlango wa darasa, andika kwenye daftari nani atamtunza likizo, na nani atamchukua darasa likimchoka. Kobe wa maji wa Kimarekani, yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, huuzwa akiwa mdogo wa kutosha kukaa kiganjani. Lakini anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyemlisha darasa la kwanza atamaliza chuo, kobe bado anadai chakula! Kama safu ya "atakwenda wapi" imebaki tupu, usimlete.

2. Usimwachie "huru". Mwaka 1966 mtoto mmoja wa Miami, Marekani, alirudi kutoka Hawaii na konokono watatu. Bibi yake akawatupa bustanini. Baada ya miaka saba walipatikana zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kuligharimu zaidi ya dola milioni moja. Unajua asili ya konokono hao? Ni hapa kwetu Afrika Mashariki, hawa hawa tunaowaruka njiani masika. Kwao wana wa kuwala na wa kuwapunguza. Ugenini hawana anayewajua. Basi kiumbe wa ng'ambo akikosa mlezi, mpe mtu mwenye nafasi ya kumfuga, au mwone afisa mifugo au afisa uvuvi akushauri. Mto, bwawa na kichaka si majibu.

3. Anza na wenyeji. Huhitaji samaki wa dukani kufundisha hatua za ukuaji. Viluwiluwi wa dimbwi la jirani, viwavi wa mlimao, jongoo na panzi wanatosha kabisa, tena ni bure. Wachukue wachache, wape majani yale yale uliyowakuta wakila, waangalieni kwa siku kadhaa, kisha warudishwe pale pale walipotolewa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakishika, hasa konokono.

4. Mwenyeji wa mkoa mwingine ni mgeni pia. Sangara hakuvuka bahari. Alitolewa maziwa ya jirani, likiwemo Albert, akatiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya aina za furu, wale samaki wadogo. Nyingi zimetoweka, na sangara anabeba sehemu kubwa ya lawama. Kwa hiyo samaki aliyevuliwa ziwa moja asiende kumwagwa jingine kwa sababu tu "wote ni wa nchini".

5. Muuza miche akisifu sana, uliza zaidi. "Unakua haraka, haufi kwa jua, hauhitaji kutunzwa." Hizo ndizo sifa za gugu! Mathenge uliletwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kupambana na ukame na uhaba wa kuni. Ukafunga malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata wakazi wakampeleka mahakamani mbuzi kibogoyo kuwa kielelezo. Gugumaji nalo lilisafirishwa kutoka Amerika Kusini kwa ajili ya ua lake zuri la zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na wavuvi hawajapumua tangu hapo. Ulizia jina la kitaalamu la mmea, kisha mwonyeshe afisa kilimo kabla ya kuchimba shimo. Na shangazi wa Ulaya asitume mbegu kwenye begi la nguo: mbegu za nje zina vibali vyake.

6. Maji ya tangi yana abiria. Mayai ya konokono na vipande vya mimea havionekani kwa haraka. Ukisafisha tangi la samaki, maji yamwage kwenye ardhi kavu, mbali na mtaro, kisima na mto. Changarawe na mimea vianikwe juani mpaka vikauke kabisa.

7. Jalala si kaburi. Gugumaji likitupwa mtaroni, mvua ya kwanza inalifikisha ziwani. Mimea ya majini ianikwe juu ya saruji hadi ivunjike mkononi. Yenye mbegu izikwe shimo refu au ichomwe. Tena bora zaidi, kata maua kabla hayajazaa mbegu; hiyo ni kazi ya dakika tano ya kiranja wa mazingira.

8. Geuza ukaguzi kuwa somo. Kila muhula, wanafunzi wahesabu walio kwenye tangi na kulinganisha na daftari. Kisha wazunguke uwanja wa shule na kuchora ramani: mmea gani mpya umeota, wapi, mingapi. Ila wakiona gugu karoti, lile la vijiua vyeupe na majani kama ya karoti, wasiling'oe kwa mikono mitupu, maana linawasha ngozi na kusumbua kifua. Mwalimu amwite afisa kilimo. Mamlaka husika ya afya ya mimea Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS.

Mwalimu, hakuna mtoto aliyewahi kutupa samaki mtoni kwa ubaya. Huwa anamwonea huruma. Basi kabla ya kengele ya mwisho ya muhula huu, lifungue lile daftari. Ukikuta safu ya "atakwenda wapi" iko tupu, ijazeni pamoja, kisha ndiyo mfunge shule.