Mswada Haujakuondolea Haki Yako

Kila tetesi za kubadilishwa kwa sheria ya wakimbizi zinapozagaa Kenya, madalali hujitokeza mitaani: lipa sasa, ubadilishiwe karatasi kabla mlango haujafungwa. Usilipe. Usajili wa mkimbizi ni bure, na mswada si sheria.

Mswada lazima ujadiliwe kwanza, na Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Andika maoni yako, hata kwa Kiswahili, uyapeleke kwa Karani wa Bunge. Rais akishatia sahihi, sheria huchapishwa katika Gazeti Rasmi na kuanza kutumika siku ya 14, isipokuwa yenyewe iwe imetaja tarehe nyingine. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilitiwa sahihi Novemba mwaka huo lakini ikaanza kazi Februari 2022; hadi hapo, iliyotumika ilikuwa ile ya 2006.

Hata sheria mpya ikishapita, mahakama zipo. Desemba 2014 Bunge lilipitisha kifungu cha sheria kwamba wakimbizi wasizidi 150,000 nchini. Februari 2015 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho. Mwaka 2017 Jaji John Mativo akabatilisha agizo la serikali la kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab.

Linalonitia hofu zaidi limo katika sheria tuliyo nayo tayari. Mkimbizi kutoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa kuacha ukimbizi kwa hiari yake, ili apate manufaa ya raia wa Jumuiya. Kongo ilijiunga 2022 na Somalia 2024, kwa hiyo jambo hili linawagusa wengi mno. Tuseme wewe ni mshonaji kutoka Kivu, una cherehani yako Kayole, Nairobi. Unaambiwa ukiacha ukimbizi utaomba kibali cha kazi kama Mganda au Mtanzania. Ni kweli. Lakini ile kinga ambayo sheria inampa mkimbizi, ya kutorudishwa kwenye hatari, utakuwa umeiachia hapo hapo, na mbele ya maofisa wa uhamiaji utakuwa mgeni kama wageni wengine. Tena huenda ukatakiwa pasipoti ya nchi ile ile uliyoikimbia. Hakuna ofisa mwenye ruhusa ya kukulazimisha. Usitie sahihi kabla hujazungumza na wakili; shirika la Kituo cha Sheria, waliozuia mahakamani wakimbizi wa mjini wasihamishiwe kambini mwaka 2013, hutoa msaada bila malipo.

Na polisi wakikukamata? Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlinda kila aliyekamatwa, awe raia au la. Uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kazi ya mahakama inayofuata. Tembea na kitambulisho chako, na nakala umwachie mtu wa nyumbani anayeweza kuifikisha kituo cha polisi usiku huo huo.