Springi ya Kuvuta Hainunuliwi kwa Macho

Springi ya kuvuta ikikatika, mafundi wengi humkabidhi kijana kile kipande na kumtuma kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akatafute "inayofanana na hii." Kijana hurudi na springi ya urefu uleule na kulabu zilezile. Inafungwa, mashine inawashwa, na baada ya muda mfupi kazi inarudi palepale: springi imekatika tena, imelegea, au ni ngumu kiasi cha kupinda pini inayoishikilia. Springi hununuliwa kwa nguvu yake, na nguvu hiyo hupimika hata katika karakana isiyo na kifaa cha maabara.

Inafanya kazi gani

Springi hii husokotwa mizunguko yake ikiwa imegusana, kisha ncha zake hukunjwa ziwe kulabu. Ndiyo inayorudisha brekishuu za pikipiki ukiachia pedali, inayoibana stendi ya pembeni isiteremke njiani, inayokaza mkanda wa mashine, na inayoinua pedali ya mashine ya kukatia bati baada ya fundi kuondoa mguu. Viwandani utaikuta kwenye vishikio, milango mizito na nyenzo za mitambo ya kufungashia. Mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki nayo huitegemea.

Ina tabia moja ambayo springi ya kusukuma haina: mkazo wa awali. Kwa kuwa mizunguko imesokotwa ikibanana, ukianza kuvuta haifunguki hapo hapo. Lazima kwanza uushinde mkazo huo. Springi mbili zinaweza kulingana kwa kila kipimo cha nje, moja ikaanza kufunguka kwa kilo moja na nyingine kwa kilo tatu.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kwenda dukani

1. *Unene wa waya.* Tumia maikromita au vernia, mahali pasipo kutu wala rangi.
2. *Kipenyo cha nje* cha mizunguko.
3. *Idadi ya mizunguko,* bila kuhesabu kulabu.
4. *Urefu* kutoka ndani ya kulabu moja hadi ndani ya nyingine, springi ikiwa imelala.
5. *Umbali kati ya pini mbili* kwenye mashine, wenzo ukiwa umetulia na ukiwa mwisho wa mwendo wake.
6. *Uelekeo wa kulabu:* zinatazama upande mmoja au zimepishana?

Kama springi ya zamani imeshavutika na kuacha nafasi kati ya mizunguko, usiuamini urefu wake. Zidisha idadi ya mizunguko kwa unene wa waya, kisha ongeza unene wa waya mmoja. Hapo utapata urefu wa kiwiliwili chake kilipokuwa kipya.

Kipimo cha kwanza ndicho kisichosamehe kosa. Ugumu wa springi hupanda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Chukua springi ya waya wa milimita 2, kipenyo cha nje milimita 18, mizunguko 20. Ukiibadilisha kwa ya waya wa milimita 2.2, vingine vyote vikibaki vilevile, umepata springi ngumu zaidi kwa takriban nusu. Tofauti hiyo ya milimita 0.2 jicho haliioni, lakini pini na wenzo vitaihisi kila siku.

Kupima nguvu kwa ndoo

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni kwamba springi huvutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Kanuni hiyo inatosha kukufanyia kazi, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja.

Tundika springi kwenye boriti imara, kisha ning'iniza ndoo tupu ambayo umekwisha kuipima. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukitazama mizunguko. Inapoanza tu kuachana, andika uzito wa ndoo na maji: huo ndio mkazo wa awali. Kisha ongeza lita moja moja na upime urefu kila mara. Ile springi yetu ya waya wa milimita 2, ikiwa ni ya chuma cha kawaida cha springi, itarefuka karibu milimita 5 kwa kila lita. Pima hivyo springi nzima iliyo kwenye mashine pacha, halafu pima unayotaka kununua. Majibu yakilingana, hiyo ndiyo yake.

Chagua waya kulingana na mahali

Waya wa kaboni nyingi, wa jamii ileile inayofungwa kwenye piano, una nguvu sana na hufaa kazi nyingi za ndani. Lakini hauhimili kutu, na joto likizidi nyuzi 120 hivi huanza kulegea. Penye chumvi ya bahari, maji au vyakula, tafuta chuma kisichoshika kutu. Kumbuka tu kwamba kwa vipimo vilevile chuma hicho ni laini zaidi kwa kama asilimia 12, kwa hiyo usinakili vipimo vya springi ya kaboni ukadhani nguvu itabaki ileile. Na ukipeleka springi ya kaboni ipakwe zinki kwa umeme, sisitiza iokwe mara baada ya kupakwa. Haidrojeni inayoingia kwenye chuma wakati wa kupaka huifanya ikatike ghafla.

Tazama kulabu kwanza

Mara nyingi springi ya kuvuta hufia shingoni, pale waya unapoacha mzunguko na kukunjwa kuwa kulabu. Chagua kulabu yenye mkunjo wa mviringo mpana. Iliyovunjwa kwa kona kali au yenye alama ya koleo iache dukani. Pini nayo iwe laini, isiyo na ukingo wa kuukata waya.

Kulabu ikikatika, usiichomee wala usiipashe moto wa gesi ili ukunje nyingine. Joto huondoa ule ugumu unaoifanya springi iwe springi. Kufungua mzunguko mmoja na kuugeuza kulabu ni dawa ya kufikia nyumbani tu, kwani mizunguko ikipungua springi huwa ngumu zaidi.

Kufunga bila kuumia

Vaa miwani, na uso wako usiwe kwenye mstari wa springi. Kwa springi za stendi za pikipiki kuna njia rahisi: ikunje upande mmoja, chomeka sarafu kati ya mizunguko, igeuze, chomeka nyingine. Springi itarefuka yenyewe, utaipachika kulabu kwa mkono, kisha ukiisukuma stendi sarafu zitaanguka.

Palipo na springi mbili za kazi moja, kama kwenye brekishuu, badilisha zote mbili. Iliyochoka ikibaki, shuu yake haitarudi sawasawa, itaendelea kusugua gurudumu, na bitana itaisha upesi. Na kwa springi inayobeba mlango mzito, pitisha kamba ya waya ndani yake, ncha zote zifungwe imara, ili ikikatika vipande visiruke.

Mizunguko isiyogusana tena ilhali springi haijavutwa, vishimo vya kutu, au mwanya mdogo shingoni mwa kulabu: ukiona chochote katika hivyo, usingoje ikatike. Badilisha siku hiyohiyo, na vipimo vya springi mpya viandike kwenye daftari la karakana kabla hujaifunga.